Uliza Mwalimu: Darasa la Kifaransa lenye simu moja

Nimefundisha Kifaransa mkoani Kigoma mpaka nikastaafu, na hata sasa vijana wananijia nyumbani Ujiji jioni kusoma. Barua nyingi za safari hii zinauliza juu ya simu na intaneti katika kujifunza lugha. Nimechagua tatu.

Shikamoo mwalimu. Nafundisha Kifaransa katika sekondari ya serikali wilayani Kasulu, huu ni mwaka wangu wa pili kazini. Kidato cha kwanza nina wanafunzi zaidi ya sitini. Wanafunzi hawaruhusiwi kuwa na simu shuleni, kompyuta zetu mbovu, na mtandao leo upo kesho haupo. Wenzangu walipewa vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022, mimi nilikuwa sijaajiriwa. Nimeweka akiba kidogo. Ninunue kishikwambi changu? Na nipakue programu gani?

Marahaba mwanangu, na pole na kazi. Kishikwambi usinunue. Tafuta spika ya bluetooth, ile ndogo ya kuchaji, uiunganishe na simu uliyonayo. Watoto sitini hawawezi kuchungulia kioo kimoja, lakini wote wanaweza kusikia sauti moja.

Sababu yangu si fedha tu. Mtoto wa Kasulu anakuja darasani na Kiha cha nyumbani na Kiswahili cha shule ya msingi, na Kiswahili kinasomwa kama kilivyoandikwa. Ukimpa kitabu cha Kifaransa kabla hajasikia sauti zake, atafanya alichozoea: atatamka kila herufi. Akikutana na *ils parlent* atasoma “ilisi parlenti”, kumbe mwenye lugha hutamka *il parle* (anazungumza) na *ils parlent* (wanazungumza) sawasawa, na mwisho wote ule wa neno hausikiki. Tamko la namna hiyo likishakaa mdomoni, kulitoa ni kazi ya miaka. Nimepokea wanafunzi wa kidato cha tano wa tahasusi ya KLF (Kiswahili, Kiingereza na Kifaransa) wenye sarufi safi kabisa, lakini wakizungumza na mgeni wa Bujumbura, mgeni haelewi. Iliniuma sana, maana walikuwa watoto wenye bidii. Walichokosa ni kusikia. Zamani sisi walimu tulikuwa na kisingizio, sauti ilikuwa ya mwalimu peke yake. Leo sauti zimejaa mtandaoni, tena za bure.

Basi fanya hivi. Usiku, mtandao ukitulia, pakua kipindi cha RFI, redio ya kimataifa ya Ufaransa, kiitwacho *Journal en français facile*. Ni taarifa ya habari ya dakika kumi kwa Kifaransa chepesi, na maandishi yake yanapatikana kwenye tovuti yao. Dakika zote kumi usiwape kidato cha kwanza, utawakatisha tamaa. Chukua vichwa vya habari vya mwanzo tu. Mara ya kwanza ubao uwe mtupu kabisa. Waulize: mmesikia nchi gani? Mmesikia namba yoyote? Jina la mtu? Utashangaa, mtoto wa nyuma kabisa ambaye hajawahi kunyoosha mkono atasema “Congo!” na darasa zima litamgeukia. Cheza tena, waokote maneno mengine mawili matatu. Mara ya tatu ndipo uandike maneno ya msomaji ubaoni, uache mapengo, wajaze kwa masikio. Kusoma kwa sauti kuje mwisho. Kipande cha nusu dakika kitakula kipindi chote cha dakika 40, na hakuna hata dakika itakayopotea.

Halafu tumia kinasa sauti cha simu. Andika ubaoni *dessus* na *dessous*, juu na chini. Masikio yetu, kwa mazoea ya Kiswahili, yanasikia “desu” zote mbili. Wafundishe mdomo: waseme “i”, ulimi ubaki pale pale, kisha wakunje midomo kama wanaosema “u”. Hiyo ndiyo sauti ya *dessus*. Mrekodi mwanafunzi mmoja, cheza sauti ya mwenye lugha, kisha cheza ya mwanafunzi papo hapo. Mtoto anayejisikia mwenyewe hujirekebisha haraka kuliko anayekosolewa na mwalimu mbele ya wenzake. Neno likikutatiza wewe mwenyewe, ingia Forvo, tovuti ambayo watu wanarekodi matamshi ya lugha zao neno kwa neno.

Sasa lipo jambo ambalo walimu wa Dodoma au Lindi hawalipati kirahisi na wewe unalo mlangoni. Mkoa wetu umejaa watu waliosoma kwa Kifaransa Bujumbura, Uvira na Kalemie: wafanyabiashara, mafundi, wauguzi, watu wa makanisani. Mtafute mmoja, muombe akusomee mazungumzo ya kitabu chenu cha darasa, umrekodi mara mbili, polepole kisha kwa mwendo wake wa kawaida. Mueleze sauti yake itatumika wapi, na mkuu wako wa shule ajue. Nakuambia kwa dhati, rekodi hiyo itakufaa kuliko programu yoyote ya kupakua, kwa sababu inafuata somo lako ukurasa kwa ukurasa. Wala usimsikilize anayesema lafudhi ya Burundi au Kongo si Kifaransa chenyewe. Watoto wako wakivuka mpaka wa Manyovu watakutana na lafudhi hiyo hiyo, siyo ya Paris.

Ukimpata mwalimu mwenzako Uvira, badilishaneni sauti za darasa kwa WhatsApp, wiki hii wenu wanajitambulisha, wiki ijayo wao wanajibu. Sauti hailambi bando kama video. Mazoezi ya tovuti ya TV5Monde, televisheni ya Kifaransa, yaliyopangwa kwa ngazi kuanzia A1 ya wanaoanza hadi B2, fanya wewe mwenyewe nyumbani. Mwalimu asiyeendelea kusikia lugha inamkimbia.

Mwalimu, mimi ni mama wa Mwanga. Binti yangu wa kidato cha pili akiandika insha ya Kifaransa nyumbani kwa simu yangu inapendeza, mwalimu wake anamsifu. Mtihani ukija anapata F. Nimnyang’anye simu?

Mama mwenzangu, unajua tayari kinachoandika ile insha. Iwe ni programu ya kutafsiri au ya akili unde, inaandika Kifaransa kizuri, na binti yako ananakili. Simu usimnyang’anye, geuza utaratibu. Aandike kwanza kwa mkono kwenye daftari, sentensi tano tu, hata zikiwa na makosa. Akimaliza ndipo apewe simu, aulize programu sentensi ipi ina kosa na kwa nini, kisha aandike upya simu ikiwa imefunikwa. Mwisho akusomee kwa sauti na akueleze kwa Kiswahili alichoandika. Wewe huna haja ya kujua Kifaransa. Akigugumia kwenye sentensi yake mwenyewe utajua si yake.

Na umwambie hili: mtihani wa Kifaransa uitwao DELF, ambao vyeti vyake vinatolewa na wizara ya elimu ya Ufaransa, una sehemu nne, kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza, kila moja alama 25. Ukipata chini ya 5 katika sehemu moja tu umeanguka, hata jumla yako ikiwa nzuri. Kwenye kuzungumza anakaa yeye na mtahini, simu haipo.

Habari za kazi mwalimu. Mimi ni mfanyabiashara, napeleka chumvi ya Uvinza Kalemie kwa boti kutoka Kibirizi. Sokoni kule Kiswahili kinatosha, tatizo ni karatasi na watu wa ofisini. Programu nilizojaribu zinafundisha Kifaransa kwa Kiingereza, na mimi Kiingereza changu ni cha darasa la saba. Nifanyeje?

Nzuri, ndugu yangu. Malalamiko yako ni ya haki kabisa. Inanisikitisha kwamba mtu anayeishi ng’ambo ya ziwa tu na nchi ya Kifaransa alazimike kupitia Kiingereza ili akipate.

Acha hizo. Pakua AnkiDroid, ni programu ya kadi, ya bure kwenye simu za Android (kwenye iPhone ipo AnkiMobile, nayo inalipiwa), na ikishakuwa ndani ya simu haihitaji mtandao, hata katikati ya ziwa inafanya kazi. Kadi unatengeneza mwenyewe: upande mmoja Kiswahili, wa pili Kifaransa, na unaweza kuweka sauti. Mpe simu mteja wako wa Kalemie unayemwamini akurekodie maneno hayo. Kila siku programu inakuletea kadi chache. Uliyoijua inasogezwa mbele, itarudi baada ya siku kadhaa, halafu baada ya wiki kadhaa. Uliyoikosa inarudi sasa hivi. Utaratibu huu una msingi wa siku nyingi. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe kwa silabi zisizo na maana, akachapisha matokeo mwaka 1885: mengi tunayojifunza yanatutoka mapema mno, na kuyarudia kwa kupisha siku kunayashikiza kuliko kuyakariri yote kwa kikao kimoja.

Anza na namba, maana ndimo fedha yako ilimo. Programu nyingi zinafundisha hesabu za Ufaransa, ambako 70 ni *soixante-dix* na 90 ni *quatre-vingt-dix*. Kongo na Burundi wanafuata desturi ya Ubelgiji: 70 ni *septante*, 90 ni *nonante*. Themanini inabaki *quatre-vingts*. Kwa hiyo 75 kule utaisikia *septante-cinq*, na usiposoma hivyo utakuwa unasikia bei usiyoitambua. Tengeneza kadi za namba za mizigo yako halisi, magunia unayopakia na bei unazotaja.

Baada ya namba, chukua karatasi zako za safari iliyopita uzitoe maneno: *facture* ni ankara, *quittance* ni stakabadhi ya malipo, *douane* ni forodha, *poids* ni uzito, *montant* ni kiasi cha fedha. Kamera ya Google Translate itakupa picha ya jumla ya karatasi ngeni, hilo ni la manufaa. Lakini pa kuweka sahihi usitegemee kamera: tafuta mtu akusomee mstari wa *montant* na wa tarehe kwa sauti. Kadi ishirini za mwanzo zitoke kwenye karatasi hizo. Ukizimaliza niandikie, nikutumie orodha ya maneno ya mizani na ghala.