Je, nimtilie mume wangu dawa ya kuacha pombe kwenye uji?

SWALI: Shikamoo, Daktari. Mume wangu alianza na mbege, sasa ni gongo, na asubuhi hawezi kushika kikombe cha chai bila kukimwaga mpaka kwanza azimue. Jirani ameniuzia unga mweupe uliofungwa kwenye kipande cha gazeti, akisema ni vidonge vya kuacha pombe vilivyosagwa, nimtilie kwenye uji bila yeye kujua. Utafiti unasemaje? – Mama wa Watatu, Moshi.

JIBU: Marahaba, mama. Unga huo huenda ni disulfiramu, inayojulikana zaidi kwa jina la Antabuse, ingawa kitu kilichosagwa na kufungwa gazetini chaweza kuwa chochote. Dawa hii huzuia mwili kuvunja asetaldehidi, sumu inayotokea ini linaposaga pombe, hivyo anayeonja hata funda moja huwaka uso, hutapika, moyo humwenda mbio na shinikizo la damu hushuka, pengine hadi kumuua. Jens Hald na Erik Jacobsen wa Copenhagen, walioitangaza mwaka 1948, walikuwa wakiitafiti kama dawa ya minyoo, na athari hiyo waliigundua katika miili yao wenyewe.

Lakini disulfiramu haiondoi hamu ya pombe. Kinachomzuia mtu ni kujua kwamba ameimeza. Majaribio ambayo wagonjwa walijua wanachotumia, hasa walipomeza mbele ya msimamizi, yameonyesha faida, ilhali yale ambayo hawakujua wamepewa nini hayakuonyesha. Ukimficha mumeo, basi, unaiondoa tiba na kumwachia sumu peke yake.

Zipo dawa nyingine, naltreksoni na akamprosati, ambazo Shirika la Afya Duniani liliziingiza katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2023. Si miujiza: uchambuzi wa majaribio 118 uliochapishwa mwaka huohuo ulionyesha kwamba kwa kila wagonjwa 11 wanaotumia vidonge vya naltreksoni, mmoja zaidi huepuka kurudia ulevi wa kupindukia. Kwangu mimi hilo si dogo. Mazungumzo nayo yana nafasi yake, kwani huko Eldoret, Kenya, katika utafiti wa watu 614 wenye virusi vya UKIMWI, vikao vya vikundi vilivyoongozwa na washauri wasio wataalamu wa saikolojia vilipunguza unywaji. Hapo kwenu Moshi, watafiti wa hospitali ya KCMC wameandaa mpango uitwao Punguza Pombe kwa Afya Yako, ambamo muuguzi huzungumza kwa muda mfupi na majeruhi wanaofikishwa idara ya dharura.

Kutetemeka kwa asubuhi ndiko kunakonitia hofu zaidi. Hiyo ni arosto, yaani mwili kudai pombe uliyoizoea, na mtu wa namna hiyo akikatishwa pombe ghafla anaweza kuanguka kama mwenye kifafa ndani ya siku mbili za mwanzo, kisha akaanza kuweweseka, kwa hiyo usimfungie ndani wala usimwage pombe yake. Apelekwe hospitali, ambako hupewa dawa za kutuliza na vitamini B1 huku akiangaliwa.

Ikiwa umeshamtilia, mwambie leo hii, kwa sababu nguvu ya disulfiramu inaweza kubaki mwilini hadi wiki mbili. Na mtakapokwenda, chukua unga uliosalia, ukiwa katika gazeti lilelile, umkabidhi mfamasia.