Jibu: Majina ya mtoto wa kike yenye maana ya hekima au akili

Hongera, mama kijacho. Umeuliza kama Akila, Sofia na Safia yote yana maana ya hekima. La, Safia litoe. Hilo ni la Kiarabu, maana yake safi, na halina undugu na Sofia, ambalo ni neno la Kigiriki la hekima yenyewe.

Akila ndilo lenye mtego. Asili yake ni ile ile ya neno letu akili, na kwa Kiarabu linaandikwa kwa herufi ʿayn na qaf. Ukiliandika kwa k, msomaji wa Kiarabu anaweza kulirudisha kwenye herufi nyingine, kaf, na hapo "ākila" ni mlaji! Tena Akila wa Biblia, mume wa Prisila katika Matendo 18, ni mwanamume, na jina lake ni la Kilatini: tai. Kwa hiyo kwenye fomu ya cheti cha kuzaliwa andika Aqila, kwa q, na ukague nakala kabla hujaondoka dirishani. Herufi moja ikikosewa, itamfuata mpaka kwenye pasipoti.

Akiwa wa kiume, Hakim ni zuri, ila irefushwe i: Hakiim ni mwenye hekima, Haakim ni mtawala au hakimu. Kiswahili hakionyeshi tofauti hiyo kwenye maandishi.

Mengine ya kike: Fahima (mwenye kufahamu), Nabiha (mwerevu), Bina la Kiebrania (ufahamu). Mimi ningechukua Hekima tu. Halihitaji mkalimani.