Boksi la Bastola Usilitupe, Lakini Bastola Usiilaze Humo

Mjomba wangu aliponiachia revolva yake, yaani bastola ya silinda inayozunguka, Smith & Wesson Model 19, ilikuja ndani ya boksi la kadibodi la bluu lililochakaa pembeni. Nilikaa nalo miaka mitatu. Siku ya kuhama nyumba nikaliweka kwenye lundo la makaratasi ya kutupa, kwa sababu bastola ilikuwa tayari kwenye sefu na boksi sikuona kazi yake.

Miezi michache baadaye nikamwonyesha bastola ile mzee mmoja aliyeanza kukusanya silaha tangu ujanani. Alifungua silinda akahakikisha haina risasi, akaigeuzageuza kwenye mwanga, kisha akauliza swali moja: "Boksi lake liko wapi?" Nilipomjibu alinyamaza. Halafu akataka kujua kama niliwahi kulipindua boksi lile nikatazama chini yake. Sikuwahi. Ndipo akanieleza kwamba kwenye maboksi ya Smith & Wesson ya zama zile, watu wa kiwandani waliandika kwa mkono, kwa penseli ya nta, namba ya silaha iliyowekwa humo, namba ileile iliyogongwa chini ya kitako. Nilichokitupa kilikuwa cheti cha kuzaliwa cha bastola ya mjomba.

Naandika haya kwa sababu swali la kutunza au kutupa huulizwa na karibu kila anayeanza kukusanya silaha, na jibu analopewa huwa ni la mkato mno: "Tunza, litakuongezea bei." Ni kweli, bei huongezeka. Lakini bei ni matokeo tu. Anayenunua silaha ya kukusanya ananunua pia uhakika kwamba silaha iko kama ilivyotoka kiwandani: mtutu ni ule wa kwanza, rangi ya chuma haijapakwa upya, vishikio vya mbao havikubadilishwa. Bastola yenyewe haiwezi kusema yote hayo. Boksi lenye namba yake, pamoja na lebo inayotaja modeli, ukubwa wa risasi, urefu wa mtutu na aina ya rangi, ni shahidi aliyekuwapo siku ile.

Na boksi haliko peke yake. Ndani ya yale maboksi ya Smith & Wesson mlikuwa na bisibisi ndogo, ufito wa kusafishia mtutu, karatasi ya nta iliyozungushiwa silaha, na karatasi za maelekezo. Vitu hivi ndivyo hupotea kwanza, kwa kuwa bisibisi ni bisibisi na mtu yeyote ndani ya nyumba anaweza kuichukua akafunge kitasa. Kwenye bastola mpya zaidi kuna kitu kingine ambacho nimeona watu wakikitupa bila hata kukifungua: bahasha ndogo yenye ganda la risasi iliyokwisha kufyatuliwa. Jimbo la Maryland huko Marekani lilipitisha sheria mwaka 2000 ikitaka kila bastola mpya iuzwe na ganda la namna hiyo, ili polisi waweze kulinganisha alama. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 2015, lakini bahasha zimebaki kwenye maboksi mengi ya miaka ile, na bahasha iliyobaki ni sehemu ya historia ya bastola hiyo. Iache hapo hapo.

Baada ya somo la mzee yule nikaenda upande wa pili kwa kasi. Nilinunua bastola nyingine, safari hii ikiwa na kila kitu chake, nikasema sasa sitagusa kitu. Nikaifunga kwenye karatasi yake ileile ya zamani, nikailaza ndani ya boksi lake, nikaweka boksi kabatini. Nilipolifungua baada ya miezi 14 nilikuta madoa ya kutu ya kahawia kwenye ubavu wa mtutu, yakifuata mikunjo ya karatasi. Kila mahali karatasi ilipogusa chuma kulikuwa na alama. Niliyapunguza kwa mafuta na pamba laini, taratibu, lakini rangi ile ya bluu nzito haikurudi, wala hairudi.

Sababu yake ni rahisi kuielewa ukishaumia. Karatasi na kadibodi hunyonya unyevu wa hewani na kuushikilia. Kadibodi ya zamani ina asidi, ndiyo maana hugeuka njano na kukatikakatika. Ile karatasi ya nta ilikuwa na dawa ya kuzuia kutu ilipotoka kiwandani, lakini dawa hiyo huisha, na miongo ikishapita inabaki karatasi tu. Ongeza jasho la vidole ulivyoshikia chuma siku ile unaifunga, nalo lina chumvi, na umeshatengeneza mazingira ya kutu kwa mikono yako mwenyewe.

Sponji ni mbaya zaidi. Makasha mengi yana sponji laini iliyokatwa kwa umbo la silaha, na mtu hudhani iliwekwa humo kwa ajili ya kuitunza. Iliwekwa kwa ajili ya safari. Inashika unyevu kama sponji ya kuogea, na ile ya poliyurethani ikizeeka huvunjika ikawa unga unaonata na kung'ang'ania chuma. Ngozi nayo usiiamini: asidi zilizotumika kuilainisha hula chuma polepole, na vifungo vya shaba huota ukungu wa kijani. Mkoba wa ngozi wa bastola ya kale utunze, lakini utunze mtupu.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, na ninausema kwa mtu yeyote anayeniuliza: boksi litunze kana kwamba lenyewe ndilo kitu cha thamani, na silaha iweke mahali pengine. Silaha inakaa kwenye sefu, imepakwa mafuta membamba, imefutwa alama za vidole, unyevu wa humo ukiwa kati ya asilimia 40 na 50. Kipimo kidogo cha unyevu kitakuonyesha. Vifuko vya silika, vinavyonyonya unyevu, husaidia, ila hujaa, na vikijaa havifanyi kazi mpaka uvipashe joto vikauke. Tena boksi la kadibodi halina kufuli. Hata kama halingeleta kutu, bado halifai kuwa makazi ya silaha ndani ya nyumba yenye watoto.

Boksi nalo lina maadui zake. Usiliweke juu ya dari ambako joto hupanda na kushuka, wala sakafuni ambako maji yakimwagika ndiyo hufika kwanza. Mende na wadudu wala karatasi wanapenda gundi ya lebo. Mimi hufunika kila boksi kwa karatasi isiyo na asidi, nikaliweka ndani ya chombo kikubwa cha plastiki chenye mfuniko, pamoja na kifuko cha silika. Kona ikifumuka, iache ilivyofumuka. Selotepu huacha doa la njano lisilotoka, na mpira wa kufungia huyeyuka ukagandia kwenye karatasi. Nimeona lebo nzuri kabisa iliyoharibiwa na mtu aliyetaka kuisaidia kwa kipande cha selotepu. Na kabla ya kufunga chombo, piga picha pande zote sita za boksi, chini yake, na kila karatasi iliyomo. Siku silaha ikiibiwa, picha ya lebo inawapa polisi namba kamili, bila kutegemea kumbukumbu yako.

Hapo hapo kuna jambo ambalo watu hawalifikirii. Boksi lenye jina la kiwanda likionekana kwenye pipa la taka mbele ya nyumba linamwambia kila anayepita kwamba ndani kuna bunduki. Ukilazimika kutupa kasha la plastiki la bastola ya kawaida, ya kisasa, isiyo ya kukusanya, bandua lebo kwanza uihifadhi na hati za umiliki, kisha lichanechane kasha.

Je, kuna silaha ambazo boksi lake halina maana? Zipo. Bunduki za jeshi kama Mosin-Nagant au Lee-Enfield hazikuuzwa moja moja kwenye maboksi ya rangi; zilihifadhiwa kwa wingi ndani ya makreti, zimepakwa grisi nzito. Anayekuuzia moja ya hizo na "boksi lake halisi" muulize maswali mengi. Bastola ya Kijerumani ya Luger P08 ya jeshi hutafutiwa vitu vingine: mkoba wake, kifaa chake cha kufungulia, na magazini (vibweta vya risasi vinavyochomekwa kwenye kitako) zenye namba inayolingana na ya bastola. Kwa upande mwingine zipo silaha ambazo bila boksi zinapoteza karibu kila kilichozifanya zitafutwe. Mwaka 1966 kampuni ya bunduki ya Winchester ilitoa bunduki ya kumbukumbu ya miaka 100 ya kampuni, na zilitengenezwa zaidi ya 100,000. Wengi walizinunua wakaziweka bila kuzifyatua. Kwa wingi huo, iliyo mpya ndani ya boksi lake ndiyo mkusanyaji anayoitaka. Iliyotolewa nje na kutumiwa ni bunduki nzuri ya kulengea shabaha, basi.

Thamani ya maboksi imeleta pia biashara ya maboksi matupu, na hapa nami niliumia mara ya pili. Niliuziwa revolva ya Colt Python pamoja na boksi, muuzaji akisisitiza kwamba vimekuwa pamoja tangu mwanzo. Nilikuwa nimeshalipa nilipoisoma lebo kwa utulivu: ilitaja mtutu wa inchi 4 na rangi ya nikeli. Bastola niliyoishika ilikuwa ya inchi 6, ya bluu. Namba nayo haikulingana. Lilikuwa boksi halisi la Colt, lakini la bastola nyingine. Sikupata kurudishiwa pesa. Tangu siku hiyo hushika boksi kwanza na bastola baadaye, nikalinganisha namba tarakimu kwa tarakimu kabla ya neno lolote la bei.

Hata pale namba inapokosekana, boksi lina lugha yake. Marekani ilianza kutumia namba za posta za ZIP mwaka 1963, hivyo boksi lenye anwani yenye namba hiyo haliwezi kuwa la bastola iliyosafirishwa mwaka 1958. Alama ya mistari ya kusomwa na mashine ilianza kutumika madukani mwaka 1974, kwa hiyo boksi lenye mistari hiyo si la miaka ya sitini, hata liwe limechakaa namna gani. Tazama pia kama uchakavu unakubaliana: pini za stepla zenye kutu kwenye kadibodi nyeupe safi ni jambo la kutilia shaka. Na usiandike namba ya silaha yako kwenye boksi tupu ulilonunua, hata kama nia yako ni njema. Siku moja boksi hilo litauzwa na mtu asiyejua historia yake, na uongo utakuwa umeandikwa kwa mkono wako.

Kama boksi lako limekwisha kupotea kama langu, kuna njia ya kupata sehemu ya ushahidi. Colt hutoa barua kutoka kwenye kumbukumbu zake. Smith & Wesson wana taasisi ya historia inayofanya kazi hiyo. Makumbusho ya silaha yaliyoko Cody, Wyoming, Marekani, yanatunza vitabu vya kumbukumbu vya viwanda vya Winchester na Marlin. Unatuma namba ya silaha, unalipa ada, na rekodi ikiwapo wanakueleza ilitoka kiwandani lini na ikiwa na umbo gani. Mimi niliagiza barua ya Model 19. Tarehe iliyomo na urefu wa mtutu vilikubaliana na bastola, nikapumua.

Wiki ile barua ilipofika nilimpigia simu mke wa mjomba nikamsomea tarehe. Alinisikiliza, kisha akasema, "Mwanangu, kuna kabisibisi kadogo ka mjomba wako kwenye droo ya cherehani, sikuwahi kujua ni ka nini." Nilikwenda kukachukua. Kako sasa ndani ya mfuko safi, pamoja na barua, na kadi niliyoandika namba ya bastola na jina la mjomba.