Papai moja limeivisha ndizi zote, na kisiki cha mkorosho kimerudia ujana

SWALI: Shikamoo bwana shamba. Mi nauza matunda hapa Lindi mjini. Juzi nilinunua chana nne za ndizi mbichi, hesabu yangu niuze taratibu wiki nzima, nikaziweka kwenye kiroba na papai moja lililoiva nikafunga mdomo. Siku ya tatu nafungua, njano tupu! Jirani anasema nimewekewa dawa, ni kweli?
*Mama Rehema, Lindi*

JIBU: Marahaba Mama Rehema. Dawa umeiweka mwenyewe, ni hilo papai. Tunda linaloiva linatoa gesi inaitwa ethilini, huioni, na hiyo ni homoni ya mmea, yaani ujumbe wa kuliambia tunda sasa iva, wanga ugeuke sukari, ukijani uondoke, nyama ilainike. Sasa ndizi ikishaipata na yenyewe inaanza kuitoa, ya pembeni nayo inadaka, na kiroba umekifunga gesi haina pa kutokea, ulitegemea nini mama? Wazee wanaovundika ndizi kwa moshi wanafanya kitu hichohicho maana moshi nao una ethilini. Mwaka 1901 Mrusi mmoja, Dimitry Neljubow, aliona miche ya njegere kwenye maabara yake kule St Petersburg inapindapinda, kumbe ni ethilini iliyokuwa kwenye gesi ya taa, na mwaka 1934 Mwingereza Richard Gane akathibitisha kwamba tunda lenyewe linaitengeneza.

Kwa hiyo ndizi mbichi zitandaze kivulini penye hewa, mbivu zikae mbali, na mchicha wako pia usiuweke karibu nazo, utawahi kuwa njano. Bibo, nanasi na chungwa hizo hazina mchezo huo, ukichuma bichi imekula kwako. Alafu kuna wanaoivisha kwa kabaidi ya wachomea vyuma, tafadhali usijaribu, ile huwa na mabaki ya arseniki na hiyo ni sumu.

SWALI: Kijana, mimi mzee wa Ruangwa. Nina mikorosho aliyoacha marehemu baba, imezeeka, korosho za kuhesabu. Mmoja niliukata kwa hasira nipate kuni, nikaacha kisiki kama cha kufika kiunoni, mvua zilipokuja kikatoa machipukizi mabichi kama mche! Mti mzee unarudije utotoni?
*Mzee wa Ruangwa*

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Hasira yako imefanya kazi ya kitaalamu. Chini ya gome la mkorosho kuna macho yamelala miaka yote, na kinachoyalaza ni homoni inaitwa oksini, inatengenezwa kule juu kwenye ncha za matawi inashuka chini, ndo inayozuia machipukizi ya chini yasiamke. Ukikata juu oksini imekatika, huku mizizi bado mizima inapandisha homoni nyingine inaitwa saitokinini, hiyo ndo inayoamsha macho na kuyafanya majani yachelewe kuzeeka (ndo maana jani ukilichuma tu linaanza kwenda njano, limekatiwa posho yake kutoka kwenye mizizi). Mizizi ya baba yako imeshashika ardhi siku nyingi, mche wa kununua hauna mtaji huo.

Ila mzee hapo usifurahi mapema, machipukizi hayo ni mti uleule, kama ulikuwa unazaa korosho ndogo utazaa ndogo tena. Acha matatu au manne yenye nguvu, yaliyoachana, mengine ng'oa, alafu yakiwa bado laini yabebeshwe vikonyo, yaani vijiti vilivyokatwa kwenye mkorosho unaozaa vizuri vikaungwa kwenye chipukizi. Pale Naliendele, Mtwara, kuna kituo cha utafiti cha TARI (Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania), korosho ndo shughuli yao, ukaulize kuhusu vikonyo. Kisiki kingine ukikata, kikate mshazari maji yasituame juu yake kikaoza. Na usikate shamba zima mwaka mmoja mzee wangu, anza na mitano ile mibovu kabisa, mingine iendelee kukupa hela ya msimu.