Kwa nini katiba yetu ya Uganda inatambua mailo

Ndugu, umeuliza inakuwaje shamba moja la mailo kule Wakiso lina mwenye hati na mwenye kibanja (mkulima anayekaa na kulima pale bila hati), na wote wawili sheria inawatambua. Hilo si kosa la waliotunga katiba ya 1995 peke yao. Rudi kwenye Mkataba wa Buganda wa 1900. Waingereza waligawa ardhi kwa maili za mraba, kwa Kabaka (mfalme wa Buganda), machifu na wakubwa wengine. Umiliki huo wa kudumu wenye hati ndio mailo, na neno lenyewe ni hiyo maili. Wakulima waliokuwa wakiishi pale wakaamka wapangaji. Malalamiko yakazidi hadi 1928 ikatungwa sheria ya busuulu na envujjo: kodi na ushuru wa mazao vikawekewa kikomo, na mkulima akalindwa asifukuzwe ovyo.

Rais Idi Amin alifuta mailo kwa amri ya 1975, ardhi yote ikawa ya umma. Lakini ni kwenye karatasi tu, maana vijijini watu waliendelea kujua nani ni nani. Katiba ya 1995 ikairudisha: ibara ya 237 inataja umiliki wa kimila, frihodi (umiliki wa kudumu), mailo na lisi (ukodishaji kwa muda), kisha inampa mkaaji halali ulinzi wa kubaki. Yaani 1900 na 1928 zote zimo katika ibara moja, zinavutana.

Na kabla hujamlaumu Mwingereza kwa kila kitu, kumbuka machifu wetu walitia saini wakijua wanapata nini. Kabaka Daudi Chwa alikuwa bado mtoto mdogo.