Kabla Hujajifunza Kuruka, Soma Mkataba

Kila nikiweka picha ya ulingo mtandaoni, hakosekani kijana wa Dar, Nakuru au Kampala wa kuniuliza: kaka, na mimi naingiaje kwenye mieleka ya kulipwa huko Marekani? Mimi si nyota. Nafunga ulingo na kuchezesha kama refa kwenye maonyesho madogo ya huku Ohio, kwa hiyo haya mambo nayaona kutokea chini.

Kwanza acha kusema ni feki. Mshindi hupangwa, sawa. Lakini ulingo huo naufunga mimi: vyuma, juu yake mbao, juu ya mbao sponji nyembamba ambayo ukiibonyeza kwa kidole unagusa ubao, halafu turubai. Kamba zetu ni waya wa chuma uliovishwa mpira wa kumwagilia bustani na kuzungushiwa tepu. Mtu wa kilo 110 akibwagwa hapo, uti wa mgongo hauigizi. Ndiyo maana shule ya maana hukushikilia muda mrefu kwenye kuanguka tu: kidevu kifuani, toa pumzi, tua kwa mgongo wa juu, mikono yote ipige chini kwa pamoja. Mwalimu anayekurusha kutoka juu ya kamba wiki ya kwanza, mkimbie.

Sasa pesa. Hata WWE, kampuni kubwa kuliko zote, huwaandikisha wanamieleka kama wakandarasi wa kujitegemea, si waajiriwa. Ratiba, jina la ulingoni na nani akupige wanapanga wao. Bima ya afya unajikatia mwenyewe. Angalau ukiumia ulingoni wanalipia matibabu. Huku kwetu chini unapewa bahasha ambayo pengine haitoshi mafuta ya gari, na wengi wanaponea kuuza fulana.

Chama cha wafanyakazi hakuna. Mwaka 1986 Jesse Ventura, mwanamieleka wa hiyo WWE, aliwashawishi wenzake waunde kimoja. Kwa maelezo yake mwenyewe, aliyepeleka habari kwa bosi wa kampuni ni nyota wao mkubwa, Hulk Hogan. Wazo likafia hapo. Mwaka 1989 kampuni hiyohiyo ilikiri mbele ya wabunge wa New Jersey kwamba mieleka yake ni burudani tu, ili isisimamiwe kama mchezo. Ukweli waliouficha kwa miongo waliutoa siku ulipowapunguzia gharama!

Kinachonitisha zaidi ni kichwa. Refa ana namna ya kumpima mtu aliyelala: namshika mkono, akinibana vidole najua yuko sawa. Asiponibana, napandisha mikono yangu na kuipishanisha juu, pambano linasimama. Nimewahi kushika mkono wa kijana akanibana vizuri kabisa, huku macho yake hayaoni kitu. Msaka vipaji alikuwa amekaa safu ya pili. Nilisimamisha pambano, na kijana huyo hajanisalimia tena. Sijutii.

Chris Nowinski, mwanamieleka wa WWE aliyesoma Harvard, alipigwa teke la kichwa mwaka 2003 akaficha dalili kwa wiki kadhaa ili asipoteze nafasi. Kazi yake ya ulingoni ikaishia hapo. Akageukia kampeni ya majeraha ya ubongo. Chris Benoit, mwanamieleka mwingine wa WWE, alimuua mkewe na mwanawe, kisha akajiua, mwaka 2007. Ubongo wake ulipochunguzwa ulikutwa umeharibika vibaya. Siwezi kusema hilo ndilo sababu yote, lakini WWE haikupiga marufuku kupigana viti vya kichwa hadi 2010.

Kwa hiyo, kabla ya kupanda ulingoni kwa promota yeyote, yaani mwandaaji wa maonyesho, muulize mtoa huduma ya kwanza ni nani na atakaa wapi. Akicheka, vaa viatu uondoke. Usije kwa viza ya utalii ukapigana kwa malipo. Ukivunjika shingo utaogopa hata hospitali, usije ukagundulika. Vidonge vya maumivu usipokee kwa mwenzako chumba cha kubadilishia nguo, hata akiwa mkongwe unayemheshimu.

Na weka daftari. Zaidi ya wanamieleka 50 wa zamani waliishtaki WWE kuhusu majeraha ya ubongo, na mwaka 2018 mahakama ya Connecticut ikaitupa kesi, kwa sehemu kubwa kwa sababu muda wa kushtaki ulikuwa umepita. Kila ukigongwa kichwa andika tarehe, ukumbi, nani alikuwepo na ulijisikiaje kesho yake. Karatasi za hospitali piga picha, umtumie mtu wa nyumbani azihifadhi.