Kitako kimepasuka shingoni: nikitupe au nikiunge?

SWALI: Shikamoo fundi. Babu alituachia bunduki ya marisau ya mitutu miwili, yenye nyundo mbili za nje, umri wake unapita miaka 100. Kitako kimepasuka shingoni, pale mkono unaposhika nyuma ya kifyatulio. Mtu wa zamani alikizungushia waya na kukipigia msumari. Mbao iliyo karibu na chuma imekuwa nyeusi tititi. Nimeshauriwa nikitupe, nichongeshe kipya. Wewe unasemaje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwanza ifungue uhakikishe matundu yote mawili ni matupu, hata kama ukoo mzima unakuapia kwamba haina risasi.

Kitako usikitupe. Aliyekushauri ameuona ufa, hakuona kilichouleta, nacho ni ule weusi. Miaka nenda rudi watu waliutilia mtambo mafuta, kisha wakaisimamisha bunduki pembeni mdomo ukitazama juu. Mafuta yakashuka, yakaingia kichwani mwa kitako, yaani ncha inayoungana na chuma, mbao ikalainika kama sabuni iliyosahaulika majini. Mbao ikilainika, chuma kinapata nafasi ya kucheza. Kila mlio unakisukuma nyuma kidogo, na ule mkia wa chuma uliolala juu ya shingo unageuka kabari ya kupasulia kuni. Shingo yenyewe ndiyo sehemu nyembamba kuliko zote, tena imechimbwa ndani kupisha mitambo.

Hili nililijua kwa kuaibika. Kitako cha kwanza kuunga, nilipaka gundi nzuri ya seremala juu ya mbao iliyoshiba mafuta, nikabana usiku kucha, asubuhi nikakisifia mwenyewe. Mwenye bunduki aliirudisha baada ya kupiga risasi tatu. Gundi ilibanduka nzima nzima kama ganda la kidonda, haikushika hata uzi mmoja wa mbao.

Kwa hiyo vua chuma chote. Skrubu za bunduki kuukuu zina mfereji mwembamba, na bisibisi ya dukani itauchakaza. Ipige tupa ncha yake mpaka ijae mfereji wote. Kila skrubu ina tundu lake. Zichomeke kwenye kipande cha boksi kwa mpangilio ule ule wa bunduki, la sivyo utajuta. Msumari usiung'oe kwa koleo, utaondoka na nyama ya shingo. Ugusishe ncha ya chuma cha kulehemea mpaka upate joto na kutu iachie, ndipo uuzungushe taratibu.

Hapo sasa ndipo penye kazi. Koroga unga wa chaki na asetoni uwe kama rangi nzito, upake penye weusi. Fanyia nje, mbali na moto wa aina yoyote, hata sigara. Asetoni inapoyeyuka hewani huyavuta mafuta juu, na chaki nyeupe inageuka kahawia. Ipanguse, paka tena. Mara ya nne utachoka. Endelea. Kuna kitako nilikipaka mara tisa ndipo chaki ikabaki nyeupe.

Mbao ikishakauka, panua ufa kidogo kwa kipande chembamba cha plastiki. Ingiza gundi ya epoksi, ile inayokauka polepole, uisukume ndani kwa uzi unaoupitisha huku na huku kama unayesafisha meno. Kisha chukua tyubu kuukuu ya baiskeli, ikate utepe mrefu, uviringe shingo kwa kuuvuta sana. Jiriwa hubana pande mbili tu. Tyubu hubana pande zote, na gundi ya ziada utaiona ikichungulia. Iache siku nzima. Ukitaka nguvu zaidi, toboa kwa mshazari kutokea ndani, chini ya mahali panapofunikwa na chuma, uzamishe kijiti cha shaba chenye hesi, unene wa milimita 3 au 4. Nje hapataonekana kitu.

Kabla ya kurudisha chuma, kwangua mbao nyuma ya ule mkia ibaki nafasi ya nusu milimita. Mafundi wengi huona fahari mkia ukikaa pa! bila mwanya. Sura nzuri, lakini kabari imerudi kazini.

Kitako kipya kinahitajika pale tu ambapo mbao ya kichwani inamong'onyoka kwa ukucha hata baada ya kutolewa mafuta, au vipande vimepotea. Hapo tafuta mbao ya mjozi iliyokauka vizuri, uitazame ubavuni: nyuzi zipite shingoni kwa urefu, zisikatize. Pima cha zamani kabla hujagusa patasi, hasa urefu kutoka kifyatulio hadi mwisho wa kitako (mara nyingi unakaribia sentimita 36) na jinsi kinavyoinama na kupinda ubavuni, kwa maana kilichongwa kumfuata mwili mtu fulani. Chuma kipake masizi ya mshumaa, kikalishe, kiinue. Panapobaki doa jeusi ndipo pa kukwangua. Utarudia mara mia, sitanii. Cha zamani kiweke pamoja na bunduki, kwa sababu wakusanyaji hukiulizia.

Msasa weka mbali na mbao ya zamani, unakula kingo na michoro ya mshiko. Mafuta ya kitani kidogo kwa kidole yanatosha. Matambara uliyotumia yatandaze nje yakauke. Yakikunjwa kapuni hupata joto na kuwaka yenyewe.

Kuhusu kuipiga, usidhani kitako kizima ni ruhusa. Mitutu ikiwa na mawimbi kama ya maji, imefumwa kwa tepe za chuma laini na feleji, yaani chuma kigumu, na nyingi za hivyo zilitengenezwa kwa baruti nyeusi, siyo ya leo. Vyumba vya risasi vya zamani vingi ni vya milimita 65, ilhali risasi nyingi za sasa ni za milimita 70: itaingia bila kulalamika, kisha ikifunguka inakosa nafasi na msukumo unapanda. Mpe fundi mwenye leseni aipime kwanza.